Kliniki ya kifua kikuu katika kituo kimoja cha afya, Dodoma

Kwa mkazi wa Dodoma, kikohozi cha miezi ya kiangazi husingiziwa vumbi kabla hakijatafutiwa sababu nyingine, na ndivyo shangazi yangu wa Kongwa alivyopitisha zile wiki mbili ambazo wataalamu wanasema zinatosha kumtaka mtu apime kifua kikuu. Hatimaye nilimpeleka katika kituo cha afya cha serikali kilichoko pembezoni mwa jiji. Ninachokitathmini hapa ni kliniki ya kifua kikuu peke yake, si kituo kizima.

Upimaji wao ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Muuguzi hakumkabidhi kikopo na kumwacha ahangaike. Alimweleza kwamba avute pumzi ndefu na kukohoa kutoka chini kifuani, kwa kuwa mate matupu hayamsaidii mpimaji, kisha akamwelekeza mahali pa wazi nyuma ya jengo, mbali na watu. Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo kwa takribani saa mbili hutambua vinasaba vya bakteria na kuonyesha kama wamejenga usugu dhidi ya rifampisini, iliyo nguzo ya tiba. Majibu tuliyapata kesho yake, jambo ambalo silihesabu kuwa kasoro, maana foleni ya vipimo ilikuwa ndefu.

Dawa hutolewa bure. Kwa kifua kikuu kisicho sugu, mgonjwa mtu mzima kama shangazi hutumia vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne, na idadi ya vidonge hufuata uzito, hivyo humpima kwanza. Kilichonipendeza zaidi ni maelezo. “Mama, mkojo ukibadilika rangi ukawa wa chungwa usishtuke, ni dawa,” muuguzi alimwambia, na onyo hilo dogo, kwa maoni yangu, huwazuia wengi kuacha dozi kwa hofu. Waliuliza pia kuhusu watoto wa nyumbani, kwa sababu walio chini ya miaka mitano huchunguzwa na, wakionekana hawaumwi, hupewa dawa ya kinga hata kama walichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu.

Kasoro ni korido, nayo si ndogo. Kila anayefika, awe anakohoa au amempeleka mtoto kupimwa uzito, hujiandikisha kwenye dirisha moja, katika njia nyembamba ambayo madirisha yake hufungwa ili kuzuia upepo na vumbi. Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani na huweza kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa, kwa hiyo mgonjwa hupelekwa kwenye banda zuri la nje, lenye mabenchi na hewa ya kutosha, baada ya kuwa amekwisha kukohoa katikati ya watoto wachanga. Mhudumu mmoja wa kusimama mlangoni, akiuliza nani anakohoa, akimpa barakoa na kumwelekeza bandani moja kwa moja, angetosha. Halihitajiki jengo jipya.

Pamoja na hayo, ningempeleka ndugu mwingine pale bila kusita. Afike asubuhi na mapema, akiwa na barakoa yake, asubiri nje, na anayemsindikiza ndiye aende dirishani kumwandikisha.