Uzoefu wangu wa kusoma This Present Darkness huku Biblia ikiwa wazi

Ukikaa na watu wa maombi, haichukui muda kabla hujaisikia riwaya hii ikitajwa. Frank Peretti aliitoa mwaka 1986 huko Marekani, na tangu hapo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 2. Jina la riwaya limetoka Waefeso 6:12, pale Paulo anapotaja wakuu wa giza hili. Mimi niliisoma kwa Kiingereza, kisha nikaijadili na wenzangu wa kikundi cha maombi. Naandika kwa ajili ya yule anayejiuliza kama aisome, au kama ampe kijana wake.

Hadithi iko katika mji mdogo wa kubuni unaoitwa Ashton. Hank Busche ni mchungaji kijana ambaye baadhi ya wakubwa wa kanisa lake wanatamani aondoke. Marshall Hogan ni mhariri wa gazeti la mji, mtu wa ushahidi na wala si mtu wa sala. Kila mmoja kwa njia yake anaanza kugundua kwamba kuna kundi linaloununua mji kimyakimya, na nyuma ya kundi hilo kuna mafundisho ya kuwasiliana na roho. Wakati huohuo, juu ya mapaa na ndani ya vyumba, malaika chini ya jemadari wao Tal wanapambana na mapepo yanayoongozwa na Rafar, mkuu wa Babeli. Wanadamu hawaoni kitu. Msomaji anaona kila kitu.

Kwa upande wa usimulizi, kitabu kinashika. Peretti anajua kukatisha sura mahali ambapo huwezi kulala. Lakini kilichonigusa zaidi si mapanga. Ni zile sehemu ambazo Hank anaomba peke yake, amechoka, hana anachohisi, wala hajui kama kuna anayemsikiliza. Ni hapohapo msomaji anaoneshwa kwamba maombi yale makavu yana uzito mkubwa. Yupo pia bibi mzee, Edith Duster, ambaye hana cheo wala jukwaa, na mwandishi amempa nafasi kubwa katika vita kuliko watu wenye mamlaka mjini. Nimewahi kusoma vitabu vingi vya kufundisha maombi, na vichache vimenifanya nitamani kupiga magoti kama kurasa hizo. Hilo nalisema kwa shukrani.

Sasa nije kwenye upambanuzi, maana hapa ndipo nilipotumia muda mwingi na hapa ndipo ningependa msomaji mwenzangu atulie.

Ndani ya riwaya, msimulizi anakuazima macho ya malaika. Mtu akiingia chumbani, unaambiwa ni pepo gani amemng'ang'ania begani, anaitwa nani, ananong'ona nini. Huna haja ya kupambanua, kwa sababu mwandishi ameshakufanyia kazi hiyo. Ukifunga kitabu, macho yale yanabaki ndani ya kitabu. Jirani yako, mkwe wako, mwalimu wa mwanao, hakuna msimulizi anayekuja kukwambia nani yuko nyuma yao. Hatari ni kutoka na ile hali ya uhakika bila ule uwezo uliouhalalisha.

Tuliliona hilo kwenye kikundi chetu. Mwenzetu mmoja, dada mwenye bidii ya kweli katika maombi, alikuwa na mgogoro na mkuu wake wa kazi, mama mmoja. Baada ya kusoma, alianza kumwombea kwa kumtaja yule mama pamoja na jina la pepo, kila jioni, kana kwamba ameoneshwa. Mama mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza taratibu: "Mwanangu, umeshakaa naye mkaongea?" Alikuwa hajakaa naye. Tukafungua tena Waefeso 6 tukasoma kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Andiko lilelile lililokipa kitabu jina linamkataza msomaji asimgeuze mwanadamu kuwa adui. Peretti mwenyewe anajitahidi kuonesha kwamba walionaswa wanaweza kufunguliwa, lakini kasi ya hadithi ni kubwa, na msomaji mwenye kidonda atachukua kile kinacholingana na kidonda chake.

Jambo la pili ni namna maombi yanavyofanya kazi humo. Malaika wanapata nguvu watakatifu wakiomba, na wanadhoofika waombaji wakilegea. Kwa hadithi ni mbinu nzuri, inaleta taharuki. Kwa mafundisho, nilikwenda Danieli 10. Danieli aliomboleza majuma matatu, na mjumbe akamweleza kwamba mkuu wa ufalme wa Uajemi alimpinga siku 21 mpaka Mikaeli alipokuja kumsaidia. Kwa hiyo vita ipo, Peretti hakuitunga. Lakini soma tena uone Danieli alikuwa akifanya nini siku zile: alikuwa amenyenyekea mbele za Mungu wake. Hakusema neno hata moja na mkuu wa Uajemi. Hakujua hata kwamba yupo, mpaka alipoambiwa baadaye. Tena Zaburi 103:20 inasema malaika ni hodari, watendao neno lake Bwana. Nguvu zao zinatoka kwake yeye. Waraka wa Yuda nao unasema hata Mikaeli, aliposhindana na Ibilisi, alisema tu, "Bwana na akukemee." Ukitoka kwenye riwaya hii ukiwa na hamu ya kuyasemesha mapepo kuliko kusema na Mungu, rudi kwenye mistari hiyo kabla ya mkesha unaofuata.

La tatu ni dhambi. Kitabu kinayapa mapepo majina ya tabia za watu, kama ile hali ya kuridhika na kulala kiroho. Ni taswira yenye nguvu, na naamini adui huchochea. Lakini Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, na Bwana Yesu katika Marko 7 anaorodhesha uovu unaotoka ndani ya moyo. Pepo hutolewa, lakini tamaa husulubishwa, na hiyo ni kazi ya kila siku isiyo na mngurumo wala moshi. Riwaya ya mapanga haina subira ya kukaa na kazi hiyo.

Nisisahau kusema pia kwamba kitabu kina umri wake. Hofu zilizomo ni za makanisa ya Marekani ya miaka ya 1980: mwalimu wa saikolojia chuoni ni wakala wa giza, na kutafakari kwa namna ya dini za mashariki kuko kila kona. Usimtazame kila mwanasaikolojia kwa jicho hilo. Wapo waumini wengi waliosaidiwa kweli na wataalamu wa afya ya akili. Kuna mwendelezo uliotoka 1989, Piercing the Darkness, wenye mtindo uleule. Anayependa kitabu hiki cha kwanza ataupenda.

Kilichonisaidia sana kuweka mizani ni kukisoma sambamba na The Screwtape Letters cha C. S. Lewis, kilichotoka kama kitabu mwaka 1942. Humo pepo mkongwe anamwandikia mpwa wake barua za ushauri kuhusu namna ya kumpoteza mtu mmoja. Hakuna mbawa wala kiberiti. Kuna kuudhika na sauti ya mama mezani, kuna kuahirisha, kuna kiburi cha kujiona mnyenyekevu. Katika dibaji yake Lewis anaonya juu ya makosa mawili, kutoamini kabisa kwamba mashetani wapo, na kuamini huku ukipenda kuwafuatilia kupita kiasi. Peretti atamwamsha mtu wa kosa la kwanza. Mtu wa kosa la pili aanze na Lewis.

Nampendekezea Peretti mtu mzima aliyepoa katika maombi, na kikundi ambacho kiko tayari kusoma kidogokidogo na kubishana kwa upendo. Heri riwaya inayokiri kuwa ni riwaya kuliko zile shuhuda za safari za kuzimu zinazouzwa kama habari za kweli na hakuna anayeruhusiwa kuzihoji. Lakini simpi mtoto anayeogopa giza, wala mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kwenye huduma iliyomfundisha kuona pepo katika kila homa na kila deni. Huyo wa mwisho namsomesha kwanza Wakolosai 2:15, mahali ambapo Kristo ameshazivua enzi na mamlaka na kuzishangilia msalabani, na namwacha akae hapo kwa muda wowote atakaouhitaji. Riwaya inaweza kumsubiri.