Unanunua pikipiki Tabora? Kaa nyuma kwanza

Fedha ya tumbaku ikianza kuingia mifukoni, maswali huja kwa mafungu: "Dada, nichukue Boxer au TVS?" Anayeuliza ni mwanaume karibu kila mara, na anachotaka kusikia ni cc, spidi, na lita moja itamfikisha wapi. Mwaka huu wake zao nao wamenitafuta. Mama mmoja wa Urambo anasema pikipiki ya nyumbani kwake ni mpya na inang'aa, lakini wakija Tabora mjini yeye anapanda basi, mumewe anakuja na pikipiki peke yake. Nesi wa Sikonge analalamikia magoti na kiuno. Binti wa chuo ana kovu la egzosi kwenye kigimbi cha mguu wa kulia, na hosteli kwao hayuko peke yake mwenye kovu hilo. Pikipiki zao ni za kampuni tofauti. Wote walikuwa wamekaa nyuma.

Basi leo sigusi mambo ya mafuta. Ukitaka habari za ulaji wa mafuta simama kijiwe chochote, kuanzia Kanyenye hadi Ipuli, utajibiwa mpaka uchoke, na kila mmoja atakuapia kwamba ya kwake hainywi. Taa, honi na rangi utaviona mwenyewe. Mimi nataka utazame kiti cha nyuma, kwa sababu ndicho kinacholipa. Kama ni ya bodaboda, nauli inatoka kwa mtu aliyekaa pale. Kama ni ya familia, pale anakaa mkeo, au mama yako mzee anayepelekwa hospitali ya Kitete, au mtoto anayewahi shule. Lakini anayetoa pesa ni bosi ambaye hajawahi kukaa pale hata siku moja. Anakaa mbele, anashika usukani, anavuta mafuta kidogo, anasikiliza mlio, anatabasamu, anahesabu noti.

Jambo ambalo hakuna anayelitazama, na ambalo mimi nalitazama kabla hata ya kuuliza bei, ni pedeli za abiria zimefungwa wapi. Ziko namna mbili. Zipo zilizofungwa kwenye fremu, yaani kwenye mwili wa pikipiki unaobebwa na shokapu. Na zipo zilizofungwa kwenye ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, mafundi wanauita swingi am. Mkono ule hupanda na kushuka pamoja na tairi. Tairi likiruka, pedeli inaruka nalo. Hata ufunge shokapu za bei gani, miguu ya abiria haipati msaada, maana pigo linafika kwenye nyayo bila kupita kwenye springi. Makalio yamekaa juu ya springi, nyayo zimekaa juu ya tairi, na magoti ndiyo yanayosuluhisha ugomvi huo njia nzima.

Kwenye lami ya kwenda Nzega huenda usigundue kitu. Acha lami, ingia njia za vijijini, zile zenye vijituta vya kukwaruza vinavyofuatana bila mwisho halafu ghafla mchanga mzito. Baada ya muda abiria anachoka, ananyanyua miguu, anaining'iniza. Mguu wa kulia ukining'inia hauna pa kwenda isipokuwa kwenye egzosi. Makovu mengi ya vigimbi tunayolaumu "uzembe wa abiria" yalianzia kwenye pedeli.

Kupima ni bure. Mwenzako akae nyuma, wewe chuchumaa pembeni. Mwambie ajirushe taratibu juu ya siti, juu na chini. Siti ikishuka na pedeli ikashuka nayo, iko kwenye fremu. Siti ikishuka huku pedeli ikibaki karibu palepale, iko kwenye swingi am. Mtindo huo wa pili ni wa siku nyingi, na ni wa kawaida kwenye ukoo wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa imetengenezwa makusudi kwa nchi zenye barabara mbovu na matengenezo ya kubahatisha. Injini yake ilikuwa ngumu kufa, ndiyo maana Wachina wakaiiga na kuiiga tena. Wakaiiga pamoja na pedeli.

Ukishamaliza pedeli, bonyeza sponji. Usibonyeze kwa kidole kama wanavyofanya wengi. Weka goti, tia uzito wote. Ukihisi bati chini, siti hiyo tayari imekufa, hata kama ina nailoni ya kiwandani. Hapa watu wengi hudanganyika, kwa sababu siti laini dukani ni tamu. Inakupokea vizuri, unaona umepata. Sponji laini ikibebeshwa watu wawili na ndoo ya asali kutoka Ipole, inalala, na ikilala umekaa kwenye chuma. Siti ngumu kidogo yenye umbo zuri inachosha siku za mwanzo lakini inadumu. Na ikifika wakati wa kuirudishia, muulize fundi siti anaweka nini. Ukisikia sponji ya godoro, asante, nenda kwa mwingine. Mwambie aweke ile nzito iliyoshindiliwa chini, laini juu, na nyuma pasiinuke sana, maana siti inayoinuka nyuma inamsukuma abiria kwa dereva kila breki inaposhikwa. Hilo nalo dada zangu wamelisema sana, kwa maneno makali kuliko ninayoweza kuandika hapa.

Kuna na shokapu zenyewe. Pikipiki nyingi zina ngazi chini ya springi ya nyuma za kukaza na kulegeza. Dereva anayebeba magunia ya mkaa hukaza mpaka mwisho, kisha kesho yake anampakia mjamzito bila kulegeza. Ni kazi ya dakika mbili, spana yake ndogo, na karibu hakuna anayeifanya. Upepo wa tairi hivyo hivyo: ukijaza mpaka tairi liwe jiwe, usishangae abiria akilia.

Sasa nguo. Nchini India kanuni za magari za mwaka 1989, ile ya 123, zinataka pikipiki yenye abiria iwe na mahali pa kushika, mahali pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Waliwafikiria akina mama wenye sari. Sisi tuna khanga, vitenge, madera na mabaibui; tunapanda kwa upande wa kushoto, na wengi tunakaa upandeupande miguu ikielekea kushoto huko huko, ambako ndiko kuna cheni. Pikipiki nyingi tunazopanda ni za viwanda vya India hiyo hiyo. Mbona nyingi ninazoziona madukani hapa mjini hazina kinga hiyo? Ukiuliza unaambiwa "hizi ni za Afrika, mama." Haya. Mpelekee fundi wa kuchomelea akufungie nondo nyembamba au kipande cha wavu upande wa kushoto, mbali na spoku. Ni pesa ndogo ukilinganisha na bei ya pikipiki, na ni kitu cha kwanza ningefanya kabla ya kufikiria redio na vitaa vya rangi.

Baada ya hayo, nizipange pikipiki zenyewe.

Namba moja ni Boxer 150, na sifichi, mimi ni mtu wa Boxer. Inatengenezwa na Bajaj ya India, injini yake ni cc 144.8, lakini si injini iliyoniteka. Ni siti. Ni ndefu na bapa, abiria mnene na dereva mnene wanakaa bila kugombania, na ukiondoa abiria unabaki na uwanja wa kufunga mzigo. Shokapu za nyuma zina springi ndani ya springi: uzito mdogo unashughulikiwa kwa upole, uzito ukizidi ile nyingine inaingia kazini. Kwa mtu anayebeba abiria mmoja asubuhi na gunia mchana, huo ndio ufundi unaohitajika. Barabara zako zikiwa za mchanga na mashimo zaidi kuliko lami, tafuta toleo la X. Siti yake si laini, nakubali. Nimekwisha kusema maoni yangu kuhusu siti laini. Na spea zake unazikuta hadi duka la kijijini linalouza chumvi na vocha, ingawa nyingine zina nembo iliyoandikwa kwa haraka. Angalia herufi kabla ya kulipa. Ila usininukuu vibaya: matoleo hubadilika, kwa hiyo hata Boxer mpime mwenyewe pedeli zake.

TVS HLX naiweka ya pili, na najua nitatukanwa. Mashabiki wake ni waumini. Mkulima mmoja wa Kaliua aliniambia yake inatulia mkononi, haimtetemeshi viganja akienda safari ndefu, na kwamba mimi naipenda Boxer kwa mazoea tu. Huenda. HLX 125 ni pikipiki nzuri kwa mtu mwepesi anayeishi mjini, mwalimu au muuza duka, anayebeba mtu mmoja mara mojamoja. Baadhi zina sehemu ya kuchajia simu, na kwa kijijini hiyo si anasa. Ukibeba sana, chukua 150. Ukiikuta na pedeli kwenye fremu na siti iliyopita mtihani wa goti, sitakuzuia.

Ya tatu ni kwa watu wachache: Yamaha na Honda za porini zilizotumika, zile DT, AG na XL ambazo mashirika na ofisi za serikali walikuwa wakizipanda. Kwa kwenda peke yako shambani au kukagua mizinga hakuna mpinzani. Zinapita mchangani huku nyingine zikilala. Lakini DT ya injini ya mipigo miwili inataka oili yake maalumu kila wakati, na siti za hizi ziko juu. Mama mwenye kitenge atapandaje? Nimeshuhudia abiria akitafutiwa ngazi ya nyumba apande. Kama una familia, ipite.

Za Kichina za bei chee, SanLG, Fekon, Kinglion na wenzao, sina mengi. Zinaanza vizuri, spea ni rahisi, nyingi ni za ukoo ule ule wa CG niliousema, na kwa mtu ambaye pesa yake imeishia hapo ni usafiri. Pima pedeli, tenga hela ya siti mpya. Haojue ningeitazama kwa heshima zaidi, kwa kuwa kampuni hiyo imeshirikiana na Suzuki miaka mingi.

Sikutaka kuzungumzia bei lakini wauzaji hawanipi nafasi. Pikipiki ile ile inapanda bei wakulima wakilipwa na inashuka mvua zikikolea na mifuko ikikauka. Ukihoji, unaambiwa "usafiri kutoka Dar." Usafiri gani unaopanda wakati wa masoko ya tumbaku tu? Mwenye uwezo wa kusubiri asubiri. Halafu bei ya mdomoni huwa haina usajili, haina bima, haina helmeti ya pili, na sheria inataka wa mbele na wa nyuma wote wavae. Uliza moja kwa moja: "Bei hii ni ikiwa na namba na kadi yenye jina langu?" Akisema kadi inakuja, muulize inakuja lini, aandike kwenye risiti.

Na ile nailoni! Duka moja nililoingia na mdogo wangu tulizuiwa kukaa wawili kwa sababu "itachanika, mteja mwingine hataitaka." Kitu cha karibu milioni tatu, nisikikalie. Tukatoka. Maduka mengine hata hayakazi nati vizuri baada ya kuzitoa pikipiki kwenye maboksi na kuziunganisha. Ukinunua, ipeleke kwa fundi wako siku hiyo hiyo akaze kila kitu, akianza na pedeli na keria.

Kwa anayenunua ya mkononi, siti itakusaidia zaidi ya geji. Waya wa kilomita huchomolewa, namba ikabaki ndogo ya kupendeza. Wewe tazama raba za pedeli za abiria. Mwenye pikipiki akikuapia ilikuwa ya kwenda kanisani tu, na raba za nyuma zimelika hadi chuma kinaonekana wakati za mbele bado zina meno, hiyo imelala vijiweni. Inua siti uangalie bati kama limechomelewa. Shika mkono wa nyuma wa kushikia abiria uutikise. Kisha linganisha namba ya chesesi na iliyoko kwenye kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia. Likiwa ni jina la mtu wa tatu "aliyehamia Mpanda", usitoe hata hela ya kutangulizia mpaka mtu huyo apatikane kwenye simu na aje mwenyewe asaini.