Saa ya mkononi gizani: filamu nne za karibuni nilivyoziona

Nyota tano nimeziacha zamani. Siku hizi filamu naipima kwa saa ya mkononi: nahesabu ni mara ngapi nimeichungulia gizani kabla taa hazijawaka.

The Brutalist (2024) ya Brady Corbet ilinitia wasiwasi hata kabla sijakaa. Dakika 215! Humo mna mapumziko ya dakika 15 ambayo ni sehemu ya filamu yenyewe. Dakika zinahesabiwa kwenye skrini huku watu wakikimbilia msalani. Kabla ya mapumziko hayo sikuigusa saa. Msanifu majengo Myahudi wa Hungaria, aliyenusurika kambi za Wanazi, anawasili Marekani, na Sanamu ya Uhuru inatokea mbele yetu ikiwa kichwa chini. Hakuna aliyesema neno, lakini umeshajua anakwenda kupokewa vipi. Adrien Brody anaigiza kwa mabega na pumzi zaidi kuliko kwa maneno, na Oscar yake ya pili sina ugomvi nayo.

Tuliporudi kitini ndipo kamba ilipolegea. Tajiri anayemfadhili, ambaye Guy Pearce alikuwa amemjenga kwa ustadi mkubwa, anaacha kuwa mtu anakuwa nembo ya ubaya. Jambo ambalo filamu ilikuwa ikilinong'ona muda wote huo, sasa inalipigia kelele. Halafu inakuja sehemu ya mwisho, Venice mwaka 1980, mhusika mmoja anasimama na kutufafanulia maana ya yale majengo, kana kwamba sisi tulilala. Saa: mara nne.

Anora (2024) ilimpa Sean Baker Oscar nne peke yake usiku mmoja: filamu bora, uongozaji, mswada na uhariri. Na bajeti ilikuwa kama dola milioni 6 tu. Kati ya tuzo hizo, ya uhariri ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zote. Kuna tukio la wanaume waliotumwa kumdhibiti binti mmoja ndani ya nyumba, na wanashindwa, wanapigwa, wanavunja vitu, karibu nusu saa bila kuturusha mbele. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana katikati ya kicheko nilishtuka kwamba binti huyu anaogopa kwelikweli. Kabla ya hapo, raha na starehe zinajirudia kupita kiasi. Saa: mara mbili, zote wakati wa starehe hizo.

Flow ya Gints Zilbalodis, kutoka Latvia, haifiki dakika 90 na haina hata neno moja. Imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo yeyote anaweza kuipakua bure, ikatwaa Oscar ya katuni bora mwaka 2025. Maji yamefunika nchi. Paka, mbwa, kapibara (mnyama kama panya mkubwa sana) na ndege aitwaye karani tamba wamejibana kwenye mashua moja. Paka ni paka: haimbi, hatoi vichekesho vya kuwafurahisha wazazi. Nilikwenda na mpwa wangu, ambaye kwa kawaida huuliza maswali mwanzo hadi mwisho. Safari hii aliuliza moja tu: yule ndege amekwenda wapi? Sikuwa na jibu, na saa nilikuwa nimeisahau.

Imebaki Sinners (2025) ya Ryan Coogler. Mississippi, 1932, Michael B. Jordan anaigiza mapacha wanaofungua ukumbi wa dansi, na usiku huohuo wanyonya damu wanabisha hodi. Wanapaswa kukaribishwa ndio waingie, na filamu inaichezea sharti hiyo vizuri sana. Lakini nililipia tiketi mara ya pili kwa sababu ya tukio moja: kijana anapiga gitaa, na polepole waliokufa zamani na wale ambao bado hawajazaliwa wanaingia kucheza pamoja na waliopo, kamera ikipita katikati yao. Miles Caton, anayemwigiza kijana huyo, hakuwahi kucheza filamu kabla ya hii. Mapigano ya mwishoni yamefanywa kwa pupa. Hapo nilitazama saa, mara moja. Majina yalipoanza kupanda nusu ya ukumbi ikainuka, ikamkosa mkongwe wa muziki wa blues Buddy Guy, kwani hadithi ilikuwa bado haijakwisha. Kaeni vitini.