The Prisoner of Zenda: ya 1937 au ya 1952?
Hadithi ni ileile: Mwingereza anayefanana na mfalme wa Ruritania (nchi ya kubuni) kama pacha anavikwa taji kwa niaba yake, kisha anampenda Flavia, mchumba wa mfalme huyohuyo. Filamu ya 1952, ya Stewart Granger na Deborah Kerr, ina rangi. Iliifuata ile ya 1937 karibu tukio kwa tukio, hata muziki wa Alfred Newman ukatumika tena.

Mimi nachagua ile ya nyeusi na nyeupe. Ronald Colman, yule Mwingereza, anapomuaga Madeleine Carroll, Flavia wa filamu hiyo, sauti yake tu inatosha kukuliza. Na Rupert wa Douglas Fairbanks Jr. ni mwovu anayetabasamu akiwa na upanga mkononi. Katika ya 1952, James Mason, mwigizaji hodari kweli, alimfanya Rupert mzito mno. Ukipenda mavazi ya kifahari, tazama ya 1952.