Swahili Music Notes kwa Kwaya Yenye Waimbaji Wachache

Kwaya nyingi za vigangoni, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, hazina waimbaji arobaini. Zina kumi, pengine wanane, na besi ni wawili tu, ambao mmoja wao huwa kazini siku ya mazoezi. Kwa kwaya ya namna hiyo, tovuti ya Swahili Music Notes, inayokusanya nota za nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili, ni hazina kubwa, mradi mwalimu ajue kuchagua.

Nyimbo zimepangwa kwa watunzi na kwa makundi kama mwanzo, zaburi, komunyo, Majilio na Kwaresima. Nota hupakuliwa bila shida, na baadhi ya nyimbo zina faili la Midi, linalomwezesha asiyesoma nota kuisikia sauti yake akiwa nyumbani. Ukurasa wa wimbo huonyesha pia umepakuliwa mara ngapi, lakini hesabu hiyo isimwongoze mwalimu wa kwaya ndogo, kwa sababu makundi na hesabu humwambia wimbo unaimbwa wapi katika Misa na unapendwa kiasi gani, si unahitaji watu wangapi.

Jambo hilo hujulikana kwenye nota zenyewe, na mimi huanzia kwenye kiitikio. Ikiwa sauti ya kwanza (soprano) inabeba wimbo wote na nyingine zinaujaza, wimbo utasimama hata kwa watu sita. Ikiwa besi ndiyo inayoanza, kisha kila sauti inaingia kwa zamu na maneno yake, asipofika mtu mmoja tu wimbo umevunjika, hata uwe mtamu namna gani.

Wimbo wa sauti nne unaweza kupunguzwa ukawa wa tatu, ila si kwa kufuta tu mstari wa tenori. Tazama kwanza, kila sentensi inapoishia kwenye kodi ya do (yaani do, mi na so zikiimbwa pamoja), ni nani aliyeshika mi: akiwa ni tenori peke yake, mpe alto nota hiyo, la sivyo zitabaki do na so, na kiitikio kitaishia kikiwa kitupu. Kushusha ufunguo ni rahisi zaidi. Wanaoimba kwa sol-fa, yaani kwa silabi do, re, mi, huhamisha do kutoka G hadi F bila kubadili hata silabi moja, na sauti ya kwanza hupumua.

Kundi ninalolisifu kuliko yote ni la zaburi. Kiitikio chake huwa kifupi, waamini hukishika mapema, na mashairi huimbwa na mtu mmoja, hivyo uchache wa waimbaji hausikiki kabisa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia, Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, kifungu cha 121, uliwataka watunzi wasitunge nyimbo zinazowezwa na kwaya kubwa tu, bali wazijali pia kwaya ndogo na ushiriki wa waamini wote. Ningefurahi sana kuona agizo hilo likitekelezwa kwenye tovuti hii: mtunzi anayepakia wimbo wa sauti nne aambatanishe na nakala ya sauti tatu, au hata mbili, iliyopangwa kwa mkono wake mwenyewe, badala ya kumwachia kazi hiyo mwalimu wa kigangoni.