Kisanduku cha laini kwenye swichibodi yetu, miezi minne sasa

Ofisi yetu ya uwakala wa mizigo ipo karibu na bandari ya Kigoma, na wateja wengi wako Bujumbura na Kalemie. Simu ya waya ilipokufa mara ya tatu, bosi akanunua kile kisanduku unachokitia laini (kadi) ya simu ya mkononi, nacho kikatoa mlio kama simu ya mezani.

Fundi wa kwanza alikichomeka kwenye tundu la ekstensheni, yaani la simu za ndani, kwenye swichibodi, ile mashine inayogawa simu ofisini. Kimya! Kisanduku na tundu hilo, vyote viwili vinatoa umeme na mlio, hakuna wa kupokea. Wa pili, kijana wa Mwanga, akakihamishia kwenye tundu la laini ya nje, dakika kumi kazi imekwisha. Sasa nabonyeza 9 kupata laini ya nje, napiga. (Toeni kwanza PIN ya kadi ya simu, sisi ilitupotezea asubuhi nzima.)

Antena ya kisanduku ilipokaa juu ya swichibodi, mikonga ya simu zote ilinguruma kama mashine ya kusaga. Tukaisogeza dirishani, upande wa ziwa. Swichibodi nayo ilihesabu muda hata simu isipopokelewa, mpaka fundi alipokiwekea kisanduku kigeuze chanya na hasi za waya mtu akipokea, ndipo swichibodi ijue simu imepokelewa.

Umeme ukikatika, betri ya kisanduku inadumu, ila swichibodi inazima. Hapo narudi kwenye simu yangu, kwa vocha yangu.