Ngozi ya pajani au ngozi ya maabara?

Kwa aliyeungua vibaya, njia iliyozoeleka ni kupandikiziwa ngozi yake mwenyewe: daktari wa upasuaji huparua tabaka jembamba, mara nyingi kutoka pajani, na kulibandika juu ya jeraha lililokwisha kusafishwa. Ngozi hiyo hushika na kudumu, kwa kuwa mwili hauikatai, lakini paja nalo hubaki na kidonda kibichi, ambacho mara nyingi wagonjwa husema kinauma kuliko hata pale palipoungua. Maumivu hayo hayapewi uzito unaostahili.

StrataGraft, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa watu wazima, ni tishu iliyokuzwa maabara kutokana na seli za binadamu. Katika jaribio la wagonjwa 71, kila mmoja alitibiwa kwa njia zote mbili, kwenye majeraha mawili yaliyolingana, na baada ya miezi 3 asilimia 83 ya majeraha yaliyowekewa tishu hiyo yalikuwa yamefunga bila kupandikizwa ngozi. Hata hivyo, seli zake hazidumu, bali huusaidia mwili ujiponye. Kwa hiyo pale moto ulipoteketeza ngozi yote hadi chini, tegemeo bado ni paja.